Soma Namba Kabla ya Kupakia

Kila mwaka mpunga unapoanza kutoa masuke, wakulima wengi wa bonde la Kilombero huhamia shambani. Hujenga dungu, hulala huko, na hulinda mazao mpaka siku ya kuvuna. Mchana wanafukuza ndege, ngedere na nyani. Usiku wanafukuza nguruwe mwitu na viboko. Mara nyingine tembo au nyati hushuka kutoka porini.

Wengi hulinda kwa debe, kombeo, moto na kelele. Wachache wana bunduki zenye kibali. Wapo pia askari wanyamapori, ambao huitwa mnyama mkubwa anapoingia shambani. Na wapo wawindaji wenye leseni.

Somo hili linahusu risasi. Ni somo la mwenye bunduki, lakini hata asiye na bunduki linamhusu. Nyati aliyejeruhiwa kwa risasi isiyomfaa hachagui wa kumshambulia. Anaweza kumuua mama anayekwenda kuchota maji kesho yake asubuhi.

RISASI IMETENGENEZWAJE?

Risasi nzima ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda. Ya pili ni fataki, iliyo kwenye kitako cha ganda. Ya tatu ni baruti, iliyo ndani. Ya nne ni kichwa cha risasi, au marisau. Ukivuta kifyatuo, sindano ya bunduki hugonga fataki. Fataki hutoa cheche, baruti huwaka, na hewa yake ya moto husukuma kichwa kitoke mtutuni.

Nguvu hiyo ni kubwa sana. Risasi ikiwa saizi yake, nguvu hutokea mbele. Risasi ikiwa si saizi yake, mtutu unaweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji.

SOMA NAMBA

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kuchagua risasi ni kusoma. Namba huandikwa kwenye mtutu wa bunduki. Huandikwa pia kwenye boksi la risasi na kwenye kitako cha ganda. Namba hizo lazima zilingane. Zisipolingana, usipakie.

Namba za bunduki ya marisau zina mambo yake. Bunduki ya namba 12 ina mtutu mpana kuliko ya namba 20. Kwa nini namba ndogo iwe mtutu mkubwa? Zamani watu walichukua ratili moja ya risasi, yaani madini yenyewe, wakaigawa kuwa magololi yaliyo sawa. Gololi likienea katika mtutu, na magololi yakawa 12, mtutu huo uliitwa namba 12. Ratili ikitoa magololi 20, kila gololi ni dogo zaidi, na mtutu ni mwembamba zaidi.

Sasa tuseme mlinzi ana bunduki ya namba 12, na gizani anatia risasi ya namba 20. Risasi hiyo ni nyembamba. Inateleza mpaka inakwama ndani ya mtutu. Mlinzi anavuta kifyatuo, hakuna mlio. Anachungulia, anaona chemba ni tupu. Anadhani alisahau kupakia. Anatia risasi ya namba 12 na kupiga. Mtutu unapasuka, na mkono wake wa kushoto unaweza kukatika. Kwa sababu ya ajali kama hizo viwanda vingi duniani hutengeneza risasi za namba 20 kwa rangi ya manjano. Ukiona rangi hiyo, simama, usome.

Tazama pia urefu. Risasi za namba 12 zipo za milimita 65, 70 na 76. Risasi ndefu huweza kuingia katika chemba fupi, lakini mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka. Hilo nalo ni hatari.

Kwa raifo hesabu ni nyingine. Namba kama .303 au .375 ni sehemu ya inchi. Hapa namba kubwa ni risasi nene zaidi.

MARISAU YA KAZI GANI?

Marisau madogo, mengi ndani ya ganda moja, ni ya ndege kama kanga na kwale. Ukimpiga nguruwe mwitu kwa marisau hayo, yataishia kwenye ngozi na mafuta. Ataondoka na vidonda, atakufa polepole porini, na nyama itaoza bila faida kwa mtu.

Kwa nguruwe hutumika marisau makubwa, yenye upana wa kama milimita 8, ambayo ni machache ndani ya ganda. Lakini hata hayo hutawanyika kadiri yanavyokwenda. Zaidi ya hatua 40 hujui tena yatampata wapi. Mpigaji mzuri husubiri mnyama asogee.

Wenye gobore hawanunui risasi yenye ganda. Hupakia baruti na vichwa kwa mdomo wa mtutu. Baadhi hujaza misumari na vipande vya chuma, au huzidisha baruti wakidhani bunduki itakuwa na nguvu. Chuma hukwaruza mtutu, na baruti iliyozidi huupasua. Gobore nalo ni silaha kisheria, nalo linataka kibali.

NCHA LAINI NA NCHA NGUMU

Vichwa vya risasi za raifo viko vya namna mbili kubwa. Kichwa cha ncha laini hupanuka kinapoingia mwilini. Hufanya jeraha pana, na mnyama hufa haraka. Hicho kinafaa kwa wanyama wa ngozi nyembamba, kama sheshe na nguruwe.

Kichwa kigumu kimefunikwa chote kwa madini magumu. Hakipanuki, bali hupenya. Kinafaa kwa tembo na kiboko, kwa sababu lazima kipite mifupa minene. Ukikitumia kwa mnyama mdogo, kitampita upande wa pili na kuendelea na safari. Anaweza kukimbia mbali kabla ya kuanguka, na kichwa kile kinaweza kumpata mtu aliye nyuma yake.

Wawindaji wa nyati na tembo hutumia bunduki ya .375 au kubwa zaidi. Mkulima asijaribu kazi hiyo kwa bunduki ya marisau. Aite askari wanyamapori.

BUNDUKI YA WENZO

Ipo raifo moja isiyoonekana sana kwetu. Chini ya kifyatuo ina wenzo wa chuma. Ukiusukuma chini na kuurudisha, ganda tupu hutoka na risasi mpya huingia. Bunduki hizi zilienea Marekani tangu karne ya 19.

Nyingi huweka risasi zake ndani ya bomba lililo chini ya mtutu. Humo risasi hukaa mstari mmoja, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Kama ncha ni kali na ngumu, bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo, ncha inaweza kugonga fataki kama sindano. Risasi huweza kulipuka ndani ya bomba. Kwa hiyo bunduki ya bomba hutumia risasi za ncha bapa. Tangu miaka ya 2000 kiwanda cha Hornady cha Marekani hutengeneza pia risasi za ncha kali ya plastiki laini inayobonyea, kwa ajili ya bunduki hizo.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuja kuwinda Kenya na Uganda. Alikuwa na bunduki ya wenzo ya Winchester ya .405, ambayo aliipenda kwa simba. Bunduki hiyo haikuwa na bomba, bali kisanduku, kwa hiyo ncha hazikugusa fataki. Hata hivyo alibeba pia bunduki kubwa ya mitutu miwili ya Holland & Holland kwa wanyama wazito. Alijua kuwa risasi moja haifanyi kazi zote.

TAZAMA NYUMA YA MNYAMA

Kichwa cha raifo kikikosa shabaha kinaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Bonde letu ni tambarare. Hakuna kilima cha kukizuia, na mashamba yamejaa madungu yenye watu waliolala. Mtu aliye juu ya dungu akipiga kwenda chini, risasi huzama udongoni. Mtu aliye chini akipiga sambamba, hajui itaishia wapi. Usipige kivuli wala kelele za majani. Piga ulichokitambua.

Risasi ikikataa kulipuka, usifungue bunduki haraka. Ielekeze pasipo na watu, uhesabu mpaka 30, ndipo ufungue. Weka risasi mahali pakavu, hasa wakati wa masika. Zenye kutu au ganda lililovimba usitumie. Unapochuna mnyama, kata na kutupa nyama iliyo karibu na jeraha, kwa sababu madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

SHERIA

Kumiliki bunduki na risasi kunahitaji kibali, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuwinda kunahitaji leseni, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kibali cha bunduki si leseni ya kuwinda. Tena mwaka 2023 sehemu ya bonde ilifanywa Pori la Akiba la Kilombero. Uliza mipaka yake kabla ya kuingia porini. Sheshe wa Kilombero walikuwa maarufu kwa wingi wao, na sasa wamepungua sana.

MANENO MAGUMU

Dungu: kibanda kilichoinuliwa cha kulindia mazao.
Kifyatuo: sehemu ya bunduki inayovutwa kwa kidole.
Marisau: magololi madogo ndani ya risasi.
Ratili: kipimo cha uzito, karibu nusu kilo.
Wenzo: chuma cha kusukumia au kuinulia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mtutu wa namba 12 na wa namba 20, upi ni mpana? Kwa nini?
2. Ni mahali gani patatu pa kusoma namba kabla ya kupakia?
3. Kwa nini risasi za ncha kali na ngumu hazifai katika bunduki ya bomba?
4. Nyati aliyejeruhiwa ameonekana karibu na kijiji. Nani aarifiwe, na watu wafanye nini wakati wanasubiri?