Mwalimu: mgeni aliyefanana na wenyeji

Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alitoka Butiama kwenda kuanza darasa la kwanza katika Shule ya Mwisenge, Musoma. Nyumbani walizungumza Kizanaki. Mwaka 1955 aliacha kazi ya kufundisha Pugu, lakini jina la kazi hiyo halikumwacha. Leo ukiwa Butiama ukataja “Mwalimu”, hakuna atakayekuuliza yupi.

Neno lenyewe lilitoka mbali. Kwa Kiarabu ni muallim, mwenye kuwapa wengine elimu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walimwita hivyo pia yule ajuaye njia ya chombo baharini na kusoma nyota na pepo. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa mtu wa namna hiyo Malindi, avushwe mpaka India; Wareno waliandika jina lake Malemo Cana. Hiyo “Malemo” ni muallim masikioni mwa Mreno.

Kilichotokea neno lilipofika pwani kinanifurahisha kuliko yote. Katika Kiarabu, mu- ni kiambishi cha mtenda. Katika lugha za Kibantu, mu- ni kiambishi cha mtu. Lugha mbili zisizo na undugu zilikutana kwenye silabi moja! Waswahili wakalisikia neno kama la kwao: mu- na -alimu wakapata mwalimu, kama mu- na -ana walivyopata mwana. Irabu ikaongezwa mwishoni, na wingi ukawa walimu, wala si muallimuun ya Waarabu. Kisha kazi yenyewe ikaitwa ualimu. Msafiri na wasafiri walipita njia hiyohiyo.

Ukoo wa neno mwalimu ni mkubwa: elimu, alama, maalumu, taaluma. Mtaalamu naye yumo, na chimbuko lake la Kiarabu, mutaallim, maana yake ni anayejifunza. Nimeshika chaki miaka mingi, na bado sijaona sifa inayomfaa mtaalamu kuliko hiyo.

Zanzibar walibaki karibu zaidi na sauti ya asili. Seif Sharif Hamad, aliyefariki mwaka 2021, alifundisha shule kabla ya siasa, na watu walimwita Maalim Seif. Neno ni lilelile la Butiama, kwa matamshi ya visiwani.

Bunda mjini, kama kwingineko, wanafunzi husema “ticha”, na wakiwa wengi ni “maticha”. Sikiliza hiyo ma-. Ndiyo iliyowapata madaktari, marais na maprofesa, wageni waliokuja bila m- mwanzoni. Ticha amewekwa pamoja nao. Mwalimu anakaa na mkulima, mvuvi na mfugaji.