Gundi ya Kuungia Ndege Ndogo

Kuna ndege ndogo za plastiki zinazouzwa katika sanduku, vipande vipande. Mtoto huziunga mwenyewe: mabawa, mkia, magurudumu, madirisha. Lakini atumie gundi gani?

Gundi nyeupe ya seremala huingia katika matundu madogo ya ubao, ikakauka humo, na mbao hushikana. Plastiki haina matundu hayo. Gundi nyeupe hukauka juu yake tu. Bawa likivutwa, hubanduka.

Plastiki ngumu ya ndege hizo, iitwayo polistireni, ina gundi yake. Gundi hiyo huyeyusha kidogo vipande viwili penye kuungana. Plastiki zinachanganyika, na dawa ikiisha kuwa mvuke, vipande ni kitu kimoja. Kwa hiyo tone dogo latosha. Mwenye kumimina nyingi huyeyusha bawa lote, wala halirudi kama lilivyokuwa. Tena mvuke wake ni mbaya: kazi ifanywe penye dirisha wazi.

Kipande cha chuma hakiyeyuki. Chataka gundi kali ishikayo upesi. Lakini hiyo hushika hata vidole! Vikishikana visivutwe, vilowekwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni. Mvuke wake pia hutia ukungu madirisha ya ndege.

Basi, madirisha yaungwe kwa nini? Kwa gundi nyeupe ya seremala. Hayabebi mzigo, nayo yatabaki safi.

Fundi mwema hutazama kwanza kitu, ndipo achague gundi.

Maulizo
1. Kwa nini gundi nyeupe haishiki bawa?
2. Kwa nini tone dogo latosha?