Mwenye mega hajui, anayejua hana mega

Saa kumi na moja alfajiri simu inatetema juu ya kiti: ujumbe kwenye kundi la mji. "Bandugu, mayi iko ku Keshero leo?" Mwulizaji simjui, ana picha ya ua na namba ambayo sijaihifadhi. Dakika mbili hazijapita, mtu wa Ndosho anajibu kwamba kwao bomba limekauka tangu juzi. Mwingine anashauri aliye karibu na ziwa ateremke Kituku na bidoni yake, yaani dumu. Wa tatu ndiye anayejibu hasa: "Iko, lakini kidogo-kidogo. Fanya mbio." Mwulizaji anaandika aksanti, na nadhani anakimbia kweli, maana hatumsikii tena mpaka alfajiri ya pili, na swali lilelile.

Goma, mji wetu wa mashariki mwa Congo, ina shirika la maji, ina machifu wa mitaa 18, ina redio za kutosha kuamsha wafu. Lakini anayetaka kujua kama bomba linatoa haendi ofisini. Anauliza watu asiowajua, ambao hawakutumwa na mtu, na wanamjibu bure. Hiyo bure tuielewe vizuri: kila jibu linakula mega, yaani data ya intaneti, za aliyelitoa, na mega zinanunuliwa kwa franka zilezile za mkate wa watoto.

Maswali yenyewe yana rangi ya mji. La dola halikosi wiki. Sisi tunatumia dola ya Marekani sokoni kama pesa ya nyumbani, ila noti tunaihukumu kwa ukali ambao Wamarekani wenyewe hawana. Muuzaji ataiinua kwenye mwanga, atapitisha kidole pembezoni, na akikuta imechanika kiasi cha punje ya mchele anakurudishia bila neno. Ya dola moja hataki hata kuiona. Basi mtu anaandika: "Niko na makumi mbili, imepasuka kidogo, nani anapokea?" Jibu linakuja limejaa uzoefu: nenda kwa kambisti (mbadilisha pesa) wa Birere, si wa barabara kubwa, atakukata kitu kidogo, na usije ukaiunga kwa skochi, maana ukishaiunga umeiua.

Halafu lipo la makala. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anivumilie hapa: anayeuliza Goma "makala bei gani?" hatafuti hiki unachosoma. Makala ndiyo mkaa wetu, na gunia lake linabeba habari kuliko gazeti. Barabara ya Rutshuru au ya Masisi ikiziba, bei inapanda kabla redio haijasema kwa nini. Nina jirani ambaye hasikilizi taarifa kabisa. Anauliza bei ya makala, anatikisa kichwa, anajua.

Swali la mpaka ndilo lililonichekesha na kunitia hofu kwa pamoja. Juni 2022 askari wa Congo aliuawa kwa risasi baada ya kuvuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka na Rwanda, na mkoa ukaamua mpaka uwe unafungwa saa tisa alasiri. Wanaovuka kila siku kwenda Gisenyi kutafuta mboga wakaanza kuulizana saa. Jibu "saa tisa" lilikuwa sahihi, lakini aliyelelewa kwa Kifaransa cha shule alisoma "neuf heures" akadhani mpaka unafungwa asubuhi. Mwingine alipoandika "15 h", mama muuza nyanya ambaye siku yake inaanza kuhesabiwa jua likichomoza alibaki kuhesabu vidole. Mzee mmoja alimaliza ubishi kwa kuandika kwamba ni saa tisa ya mchana, ileile ya Wanyarwanda, wao nao wanaiita saa tisa kwa lugha yao. Hiyo ndiyo aina ya jibu ambayo hakuna tangazo la serikali linaloweza kukupa.

Sasa wajibu. Yupo mmoja, nadhani anaishi Ubelgiji, ambaye hajawahi kushindwa swali. Umeme umekatika Katindo? Anajua. Barabara ya Sake inapitika? Anajua, na anakuwa wa kwanza kusema. Ana umeme usiokatika, ana intaneti isiyokwisha, ana baridi inayomfungia ndani, atakosaje kujibu? Ila jibu lake limetoka kwa mtu aliyeambiwa jana. Motari, dereva wa pikipiki, aliyepita Sake asubuhi ya leo, akaona kwa macho yake nani amesimama barabarani na nani ameondoka, atajibu usiku, akishachaji simu kwa jirani na kuomba mtoto wa jirani amgawie mega. Wakati huo swali limeshazikwa chini ya mengine hamsini. Mwenye mega hajui, anayejua hana mega: nimeyaona haya mara nyingi hivi kwamba nimeanza kuyahesabu kama hali ya hewa.

Na msidhani ni shida ya motari peke yake. Mlima wetu, Nyiragongo, una mita 3,470 na ndani ya kinywa chake lava ya kuchemka. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliteremka ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuteketeza karibu asilimia 13 ya Goma. Wa kuuangalia mlima huo ni wataalamu wa kituo cha volkano, OVG, kilichopo tangu 1986. Vipimo vyao vimepandwa milimani, vinasikiliza ardhi usiku na mchana. Lakini mwaka 2020 fedha zilizokuwa zikitoka Benki ya Dunia zilikwisha, na kwa miezi kadhaa kituo hakikuweza kulipia intaneti iliyokuwa ikileta vipimo hivyo. Mlima ulikuwa ukisema, na wa kusikia hawakuwa na mega.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi, kama saa moja ya jioni, mbingu ya kaskazini ikawa nyekundu. Swali la kwanza lililojaa kwenye simu halikuwa "tukimbie wapi?" Lilikuwa "ni Nyiragongo ao ni Nyamulagira?" Mgeni ataona ni swali la mwanafunzi wa jiografia. Hapa ni swali la uhai. Nyamulagira hulipuka mara kwa mara na lava yake kwa kawaida huishia porini, kwenye hifadhi ya Virunga; watu hutoka nje kuangalia wekundu wake na kurudi kulala. Nyiragongo unatazama mji. Majibu yakapishana hovyo. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ikarusha ndege, ikatangaza kwamba lava haionekani kuelekea Goma. Wakati huohuo watu wa Buhene, kwenye ncha ya mji, walikuwa wanaandika maneno mafupi sana, yasiyo na nukta wala herufi kubwa, kwamba lava wanaiona, na joto lake wanalisikia usoni. Wengi wetu tulimwamini mwenye ndege. Ndiye aliyekuwa na picha.

Lava ilisimama pale Buhene, karibu na uwanja wa ndege, ikiwa imekata barabara ya Rutshuru na kumeza nyumba kwa maelfu. Waliokufa usiku ule na kwenye msukosuko wake walipita 30.

Usiku ule nilijifunza kusoma majibu upya. Kiswahili kina neno la hatari, "wanasema". Mtendaji wake hayupo, hana uso, huwezi kumrudia kesho. "Wanasema lava imefika Majengo." Akina nani? Wamesimama wapi? Kwa upande mwingine lipo lile la kwetu la "niko naona", ambalo walimu wa Kiswahili sanifu wangelipiga mstari mwekundu. Mimi tangu siku ile nalithamini kuliko sanifu zote, kwa sababu limebeba mtu, mahali na saa.

Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliagiza mitaa 10 kati ya 18 ihame, kwa kuwa magma ilikuwa imeonekana chini ya mji na chini ya ziwa. Tangazo lilikuwa la Kifaransa, na lilipita haraka. Ardhi ilikuwa ikitikisika kila baada ya muda, na maswali yakawa ya aina moja: mtaa wangu umo? Kijana mmoja alikaa, nadhani juu ya mizigo yake, akawa anajibu kila mtu peke yake. Bujovu? Umo. Murara? Umo. Mapendo? Umo, ondokeni, pitieni Sake. Himbi? Haumo. Angeweza kunakili orodha nzima mara moja na kuendelea na safari yake. Aliinakili, na bado watu waliuliza, kwa sababu mtu anayetetemeka hasomi orodha, anataka kuambiwa jina la mtaa wake na mtu. Aliendelea hivyo mpaka akakata. Simu ilikwisha, au alipanda gari. Sijui jina lake hadi leo.

Kuna maswali ambayo kujibiwa vibaya ni kifo, na hapa Goma hatari hiyo ina jina la Kiswahili ambalo wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua kama lilivyo: mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayovuja kutoka kwenye nyufa za ardhi ya volkano, hasa upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert na Bulengo. Haina rangi, na harufu huwezi kuitegemea. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu hivi, kwa hiyo inalala mabondeni na mashimoni kama maji, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wala jua. Mtu mzima anaweza kupita amesimama, kichwa chake kikiwa juu ya hewa hiyo, wakati mbuzi na mtoto wanaotembea ndani yake wanaanguka.

Swali la mazuku huja likiwa limejificha. Hakuna anayeuliza "hii ni kaboni dioksidi?" Anaandika: "Mbuzi zangu mbili zimekufa ku shimo, hazina kidonda, ni nani ametupa sumu?" Tayari ana jirani anayemshuku. Na kwa kila swali lenye neno sumu kuna mtu atajibu "mupatie maziwa". Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba maziwa yanatibu kila kitu. Lakini kama bahati ipo, aliyekulia upande ule atatokea na kuuliza kwanza: shimo liko wapi, ilikuwa saa ngapi, ulikuta ndege au panya wamekufa hapo? Halafu atamwambia asishuke kuwatoa hao mbuzi. Hapo ndipo wanapokufa watu wawili na watatu kwa mpigo, anaanguka wa kwanza, ndugu yake anainama kumvuta. Watoto wasicheze hapo. Wasubiri jua lipande na upepo uvume. Jibu kama hilo linaokoa mbuzi waliobaki, na pengine linamwokoa yule jirani aliyeshukiwa bure.

Nimetaja kwamba mjibu mzuri anauliza kwanza. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 na kufika Goma Julai 2019, wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walipita mitaani wakiandika maswali na manung'uniko ya watu jinsi yalivyotoka mdomoni, hata yale ya kuudhi: kwa nini mnatuletea Ebola na hamtuletei amani? Waliyakusanya kwa maelfu, ili wenye madaraka wajue watu wanauliza nini hasa kabla ya kuwahubiria. Ilibidi uje ugonjwa ulioua zaidi ya watu 2,200 mkoani na katika mikoa jirani ndipo wakubwa watege sikio hivyo. Wale wa alfajiri, wa bomba la Keshero, wanafanya hivyo bila fulana yoyote yenye nembo.

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, umeme ulikuwa umeshakatika, na pampu za maji zikasimama nao. Kisha mtandao ukaenda. Kwa siku kadhaa Goma ilikuwa inaulizwa na dunia nzima bila kuweza kujibu. Jamaa wa Ubelgiji, wa Kampala, wa Nairobi waliulizana wenyewe kwa wenyewe na kujibizana wenyewe kwa wenyewe: mtaa upi umetulia, hospitali ipi inapokea majeruhi, nani amemsikia nani. Sisi tuliokuwa hapa, tuliolala chini ya vitanda na kuhesabu milio, tulijua mtaa wetu tu, na hata huo hatukuweza kuusema.

Mtandao uliporudi, simu yangu ilitetema mpaka ikaanguka sakafuni. Jumbe za siku zote ziliingia kwa pamoja, zimechanganyika. Niliinama nikaanza kuzisoma. Katikati kulikuwa na yule mwenye picha ya ua: "Bandugu, nani iko na mayi?" Chini yake, kutoka namba ambayo pia sijaihifadhi, jibu lililoandikwa dakika chache baadaye na kukwama siku zote hizo njiani: "Niko nayo, yaya. Kuya na bidoni."