Je, Wajua? Simu Huokoa Chaji Inaponyamaza

Je, wajua kwamba ule mkwaruzo wa ti-ri-ti, ti-ri-ti unaoivamia redio muda mfupi kabla simu iliyo kando yake haijaita hutokea kwa sababu simu husema kwa zamu? Katika mtandao wa 2G, simu nane hugawana mkondo mmoja wa mawimbi. Kila moja hurusha, hunyamaza zikipita zamu saba za wenzake, kisha hurudia, mara 217 kwa sekunde. Spika hudaka huko kuwaka na kuzima. Zamu ziliwekwa ili masafa yawatoshe wengi, lakini betri nayo ikafaidika: simu inayorusha wati 2 kwenye zamu yake hutoa wastani wa robo wati tu. Ukinyamaza kumsikiliza mwenzako, inaweza hata kuruka zamu nyingi. Ikiwa karibu na mnara hushusha nguvu hadi miliwati 3 hivi. Mnara ukijificha nyuma ya kilima, hupandisha hadi kikomo. Anayelalamika kwamba betri humwishia upesi kila akienda shamba, huenda anaionea tu betri.

Je, wajua kwamba ukimwambia rafiki "nirushie hiyo filamu", Wi-Fi inaweza kula chaji kidogo kuliko Bluetooth? Kwa sekunde moja, Wi-Fi ndiyo mlafi. Ila filamu ya megabaiti 700 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua kama dakika 47, wakati wote huo redio za simu zote mbili zikiwa macho. Wi-Fi humaliza kwa dakika chache, ikalala. Kwa picha moja, wala usijisumbue kuchagua.

Vifaa vidogo vya kutafutia funguo hutumia Bluetooth ya aina nyingine, iliyotokana na mradi wa Nokia uliotangazwa mwaka 2006 na kuingizwa katika Bluetooth 4.0 mwaka 2010. Huamka, hutoa tangazo fupi, hulala. Betri bapa kama ya saa huweza kufika mwaka.

Na je, wajua kwamba kuna simu isiyo na betri kabisa? Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kiliionyesha mwaka 2017. Haizalishi mawimbi yake. Huakisi yanayotoka kwenye kituo kilicho karibu, na mtikisiko wa sauti kwenye maikrofoni huyabadilisha yanaporudi. Hutumia mikrowati 3.5 tu, inazovuna kutoka kwenye mawimbi hayo au kwenye mwanga.

Ujanja huo si mgeni. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ndani yake mlikuwa na kinasa sauti kisicho na betri, kazi ya Leon Theremin, kilichoamshwa kwa mawimbi yaliyoelekezwa kutoka nje. Kilisikiliza hadi kilipogunduliwa mwaka 1952.

Simu ya Washington ilipiga hadi kwa Skype, ila ulilazimika kubonyeza kitufe ili kusema, kisha kubadili ili kusikia, na usivuke mita 15 kutoka kituoni.