Kila Udongo na Vazi Lake

Katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe vyombo viwili hukaa pamoja: mtungi uliofinyangwa na akina mama wa Kizigua, na sahani ya dukani ing'aayo kama kioo. Vyote viwili asili yao ni udongo na moto. Mbona basi mmoja hutoka jasho, na nyingine haipenyi maji? Yafaa tulijue jambo hili, maana mfinyanzi atakaye kuvipa vyombo vyake mng'aro hana budi kwanza kujua udongo wake utakubali vazi gani.

Mng'aro ule ni kioo chenyewe. Mwili wake ni mchanga mweupe, lakini mchanga peke yake hauyeyuki mpaka upate joto la digrii 1,700 hivi. Kwa hiyo huchanganywa na kitu cha kuuyeyusha, kama majivu ya kuni, magadi, boraksi au risasi. Kisha hutiwa udongo kidogo ili usitiririke. Unga huo hukorogwa kwa maji, chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja huchovywa humo, kisha huchomwa mara ya pili.

Sasa na tutazame moto. Moto wa uwanjani, wa kuni na majani makavu, kwa kawaida hupata digrii 600 hadi 900, tena haudumu. Mng'aro wa majivu hutaka digrii 1,250 hivi. Udongo mwekundu wa kawaida ukitiwa katika joto hilo hulegea na kuanguka, kwa sababu chuma kilichomo huuharakisha kuyeyuka. Udongo mweupe, kama ule wa Pugu karibu na Dar es Salaam, hulistahimili. Basi udongo mwekundu wafaa kupewa mng'aro wa boraksi, uyeyukao penye digrii 1,000 hadi 1,100. Na hata huo hutaka tanuri lililojengwa, si moto wa uwanjani.

Tena udongo na mng'aro hupoa pamoja, na vyote hunywea. Mng'aro ukinywea kupita udongo, hupasuka nyufa ndogo kama utando wa buibui, na maji hupenya. Ukinywea pungufu, hubambuka vipande vikali. Watu wengine husaga chupa na kupaka unga wake. Mara nyingi hupata nyufa hizo, kwa kuwa kioo cha chupa kina magadi mengi. Dawa yake ni kuongeza mchanga mweupe uliosagwa laini. Lakini usagwe ndani ya maji, maana vumbi lake likivutwa huharibu mapafu.

Twataka kuonya hasa juu ya risasi. Huyeyuka upesi, hung'aa vizuri, na bei yake si kubwa. Kwa hiyo huwashawishi mafundi. Lakini ndimu, siki, ukwaju na maziwa yaliyoganda huitoa risasi katika chombo na kuitia katika chakula. Sumu hiyo hudhuru damu na akili, nayo huwaonea watoto kuliko wakubwa. Huko Mexico ufundi wa kupaka risasi ulioletwa na Wahispania umewadhuru watu kwa karne nyingi. Chombo cha kulia kisipakwe risasi kamwe.

Wala si kila chombo chahitaji mng'aro. Mtungi hupoza maji kwa sababu maji hupenya na kukauka nje; tukiuziba kwa kioo, tumeuua. Chungu cha kupikia juu ya mafiga hustahimili moto kwa kuwa udongo wake ni wa chengachenga. Kioo juu yake kingepasuka. Vyombo hivi vyatosha kusuguliwa kwa kokoto laini kabla ya kuchomwa, kama wafinyanzi wafanyavyo tangu kale. Mng'aro ni wa bakuli, kikombe na sahani.

Atakaye kujaribu na asianze kwa chombo kikubwa. Afanye vibao vidogo vya kila udongo alio nao, avipake, avichome, na kuandika alichochanganya na kilichotokea. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Kosa hurekebishwa kabla ya moto. Baada yake hubaki vigae tu.