Dizeli au Betri? Liulize Tanga Kwanza

Kaunti ya Busia ina sura mbili. Huku Angurai ni vilima, mihogo, mahindi na majabali. Ukishuka kusini hadi Sio Port, Marenga na Port Victoria, kaunti ile ile inaishia Ziwa Victoria. Ndiyo maana sikushangaa kupata swali la mashua kutoka kwa kikundi cha akiba cha huku juu. Wamechanga fedha, wanataka mashua ndogo ya tanga yenye urefu wa mita 7 na nusu ya kufanyia kazi Port Victoria, na sasa wanabishana. Wanachama wa Malaba wanataka injini ya dizeli. Vijana wanataka mota ya umeme.

Wa Malaba siwalaumu. Ukiishi kando ya barabara ambako malori hupanga foleni mchana na usiku kuvuka kwenda Uganda, dizeli ndiyo lugha ya mji. Fundi yuko kila kona na spea hazikosi. Lakini lori halina tanga, na mashua hii inalo. Hapo ndipo hesabu inapobadilika, na wengi huirukia injini kabla ya kuuliza upepo utafanya kazi kiasi gani.

Pwani ya Lamu au Mombasa upepo hushika upande mmoja kwa miezi: kaskazi ikija ni kaskazi, kusi ikija ni kusi. Ziwani mambo hugeuka kila siku. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa ikateremka kutoka bara kuelekea ziwani, na alfajiri mvuvi mwenye tanga husukumwa nje bila kutoa hata senti. Jua likiwaka, bara hupata joto kuliko maji, na kuanzia mchana upepo hutoka ziwani ukimrudisha nyumbani. Katikati ya zamu hizo mbili kuna kimya: asubuhi jua likipanda, na tena jioni. Tanga hulegea, mashua ikaelea kama gogo. Injini ya mashua ya tanga ziwani ni ya kujaza kimya hicho, ya kupenya mafunjo karibu na ufuo, na ya kukimbia wingu baya. Kwa mtu anayejua kweli kusafiri kwa tanga, hiyo mara nyingi ni chini ya saa moja kwa siku.

Sasa tupime nguvu inayohitajika, na kifaa kipo tayari pale ufuoni: mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki. Siku ya maji matulivu, azimeni mashua yenye injini iwavute. Mizani ifungwe katikati ya kamba, na mtu mwenye simu ya GPS asome mwendo. Tuseme kwa kilomita 6 kwa saa mizani inasoma kilo 20. Zidisha kilo hizo kwa 9.8, kisha kwa mwendo wa mita kwa sekunde, ambao hapa ni 1.67. Utapata wati 327 hivi. Ziongeze maradufu, kwa sababu rafadha na mota hupoteza karibu nusu njiani: wati 650, chini ya pasi ya nguo. Vuteni tena kwa kilomita 9 kwa saa. Mizani ikisoma kilo 50, jibu ni karibu wati 2,450. Mwendo umeongezeka nusu tu, lakini nguvu imekaribia mara nne. Maji ndivyo yalivyo: kila ukitaka kuharakisha, bei hupanda kwa kasi zaidi ya mwendo wenyewe. Na mashua ya urefu huu ikikaribia kilomita 12 kwa saa, huanza kupanda wimbi lake yenyewe, na hapo unachoma nguvu bure.

Betri ya lithiamu ya yuniti 5, yuniti zile zile za tokeni za stima, ina uzito wa kilo 50 hivi. Ukiacha akiba, unatumia 4. Kwa kilomita 6 kwa saa zitakupa karibu saa 6, yaani zaidi ya kilomita 35. Kwa kilomita 9 kwa saa ni saa moja na dakika 40 hivi, kilomita 14 au 15, basi. Anayeuza mota ya umeme atakutajia ile hesabu ya kwanza. Wewe mwombe ya pili.

Na dizeli? Lita moja ina nishati ya takriban yuniti 10, ingawa injini ndogo hufikisha kwenye rafadha robo yake au zaidi kidogo. Zinazobaki ni joto na moshi. Kwa hiyo betri yako yote ya kilo 50 ni sawa na lita 2 za dizeli. Mtungi wa lita 20, mzigo wa kilo 17, hubeba kazi ya betri kumi. Mtu akikuambia betri imefikia dizeli, mpe mtungi huo abebe.

Mbona basi nisiwaambie wachukue dizeli, tumalize? Kwa sababu ya mashua yenyewe. Injini ndogo ya dizeli iliyoundwa kwa mashua, kama Yanmar 1GM10 ya nguvu farasi 9, ina uzito wa kilo 75 hivi kabla hujaweka tangi, shafti, bomba la moshi na mafuta. Injini ya kinu cha posho, ambayo najua tayari kuna mtu kikundini anaifikiria, huenda ikapita kilo 100, na imeundwa kukaa kwenye zege. Mtikisiko wa silinda moja huvumiliwa na zege. Ukiutia ndani ya mbao, huanza kulegeza misumari na kutoa kalafati kwenye maungio, na maji hupata mlango. Isitoshe, dizeli ya ndani hudai tundu la shafti kwenye ubao wa nyuma au kando ya mkuku, na tundu hilo linataka matunzo kila mwezi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa Mombasa hawalitaji, pengine kwa kuwa kwao halipo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibati chake. Ukiifungia rafadha ile ile inayotumika pwani, injini itashindwa kufikia mizunguko yake, itoe moshi mweusi, na fundi atalaumu nozeli. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo mwinuko hauidhuru.

Mafuta nayo yana mambo yake. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ni tatizo lililoifanya serikali mwaka 2018 iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu ya injini kama dizeli, na pampu hiyo ndiyo roho ya mashine. Maji kwenye mtungi ni mabaya zaidi. Atakayefunga dizeli asifunge bila chujio la kutenganisha maji, lenye kikombe cha kioo kinachoonyesha uchafu uliotuama chini.

Upande wa umeme mtego mkubwa uko Malaba kwenyewe: betri za malori. Zipo na bei zake huvutia. Lakini betri ya kuwashia injini imeundwa kutoa moto mkali kwa sekunde chache, kisha alterneta iijaze. Ukiifyonza polepole hadi chini kila siku, haimalizi mwaka. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 inaandikwa yuniti 2.4, utumie nusu tu ukitaka iishi, nayo ina uzito wa karibu kilo 60. Nne ni kilo 240 kwa kazi ya betri moja ya lithiamu. Hapo mmenunua nanga.

Gugumaji ni adui wa wote, ila si kwa namna moja. Dizeli inayovuta maji ya ziwa kujipoza huzibwa mdomo wa bomba na kuchemka kabla nahodha hajajua kuna nini. Mota ya umeme haina bomba hilo, lakini ina nguvu kamili tangu mzunguko wa kwanza, kwa hiyo rafadha ikinaswa huendelea kung'ang'ana hadi kidhibiti kizime au kiungue. Chagueni mota ya kuning'iniza nyuma inayoinuka, mtu aweze kung'oa majani kwa mkono.

Fedha hazitoi hukumu kali kama watu wanavyodhani. Dizeli miaka hii imekuwa juu ya shilingi 160 kwa lita, kwa hiyo yuniti moja iliyofika kwenye rafadha ni shilingi 64 au zaidi. Stima ikiwa shilingi 30, pamoja na kinachopotea kwenye chaja na mota, ni kama 38. Tuseme betri ni shilingi 200,000 na itajazwa mara 2,500: hiyo ni shilingi 20 juu ya kila yuniti. Jumla 58. Tofauti ni ndogo, nayo ipo tu kwa mashua inayofanya kazi kila siku. Betri inayotumiwa mara mbili kwa wiki itazeeka kabla ya kulipa deni lake.

Umeme wenyewe ziwani si mgeni. Wavuvi wengi wa omena wameacha karabai, na taa zao hujazwa mchana kabla ya kazi ya usiku. Huko Mbita, Kaunti ya Homa Bay, kampuni ya ASOBO hukodisha mota za umeme na betri kwa wavuvi, mtindo unaomwondolea mvuvi mzigo wa kununua betri. Paneli za sola ziwekwe juu ya paa la banda ufuoni. Kwenye mashua tanga litazitia kivuli na wimbi litazivunja.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuteni nahodha wa tanga, mumpe mashua na makasia kwa mwezi mmoja, aandike kila siku dakika alizotamani injini. Zikiwa chini ya saa moja, na mashua inalala ufuoni penye stima, chukueni mota ya umeme ya kilowati 3 na betri ya yuniti 5. Akiwa anapita saa mbili, au mnakusudia kulala visiwani au kwenda mbali usiku, wakati ngurumo za ziwa hili hupenda kuzuka, mafuta bado yanashinda. Ila kwa mashua ya mita 7 na nusu, injini ya petroli ya kuning'iniza nyuma ni nyepesi kuliko dizeli, na fundi wake yuko Port Victoria. Dizeli ingoje siku mtakayonunua chombo kikubwa.