Kavenoma: Maradhi Niliyo Nayo Kichwani

Muhula huu wenzangu wengi wameniuliza kwa nini Bibi Mwuguzi hunipa vidonge kila asubuhi na jioni, na kwa nini siendi tena mtoni kuogelea. Wako pia walioniona nilipoanguka bwaloni mwezi wa Februari, na baadhi yao wakasema nimepandwa na pepo. Siwalaumu, maana hata nyumbani kwetu yalisemwa hayo. Basi kwa idhini ya baba yangu na ya Bwana Mhariri, napenda kuwaeleza wasomaji jambo hili kama lilivyo.

Maradhi yangu huitwa kavenoma. Kila mtu ana mishipa midogo ya damu ubongoni, myembamba kuliko unywele. Kwa baadhi yetu, mahali fulani mishipa hiyo imepanuka na kusongamana pamoja, kuta zake zikiwa nyembamba na dhaifu. Kifungu hicho hufanana na tunda la forosadi, na damu iliyomo hupita polepole sana. Kavenoma si saratani, wala haiambukizi.

Madaktari wanakadiria kwamba katika kila watu 200 mmoja anayo. Shule yetu ina wanafunzi 800. Kwa hesabu hiyo huenda tuko wanne, na watatu hawajui. Naam, walio wengi huishi hata uzeeni bila ya kujua. Aghalabu mgonjwa huwa na kavenoma moja tu, asiyoirithi kwa mtu. Lakini kwa mgonjwa mmoja hivi katika kila watano, ugonjwa ni wa ukoo. Hao huwa nazo nyingi, na kila mtoto wao yumo katika hatari ya nusu kwa nusu ya kurithi. Yangu ni moja, na katika ukoo wetu hakuna mwingine anayejulikana kuwa nayo. Nalieleza hili wazi kwa sababu mama yangu alilaumiwa bure.

Madhara yake ni ya namna mbili. Kwanza, damu huvuja kidogo kidogo, na chuma kilichomo katika damu huuchokoza ubongo. Ndipo mtu hushikwa na kifafa. Pili, damu yaweza kutoka kwa wingi, mtu akaumwa kichwa ghafula, akapooza upande, au akaona vitu viwili viwili. Hatari hailingani kwa wote. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba kavenoma isiyopata kuvuja, na iliyo mbali na shina la ubongo, hutoa damu kwa watu wasiozidi 4 katika 100 kwa muda wa miaka mitano. Walakini iliyoko katika shina la ubongo, na iliyokwisha kutoa damu, hutoa tena kwa watu 31 hivi katika 100.

Wanariadha wetu wamesikia habari za Florence Griffith Joyner wa Marekani, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 10.49 mwaka 1988, na mwaka huo huo akapata medali 3 za dhahabu katika michezo ya Olimpiki huko Seoul. Alifariki usingizini mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 38. Mwili wake ulipochunguzwa ilionekana kwamba alishikwa na kifafa akakosa pumzi, na kavenoma ilikuwamo ubongoni mwake. Simtaji ili kutia hofu. Namtaja ili mjue kwamba maradhi haya hayachagui mnyonge.

Picha ya kwanza niliyopigwa haikuonyesha kitu, nikarudishwa nyumbani. Kumbe kipimo kinachoonyesha vizuri ni kile cha MRI, kinachotumia nguvu ya sumaku. Baba aliuza ng'ombe wawili, tukasafiri mpaka hospitali ya rufaa, na huko ikaonekana.

Matibabu ni haya. Njia ya kwanza ni kungoja na kupima tena kila baada ya muda, huku kifafa kikizuiwa kwa dawa. Dawa hizo haziyeyushi kavenoma. Hutuliza ubongo tu, na ni hatari kuziacha ghafula. Njia ya pili ni kupasuliwa kichwa na kuitoa. Ikitolewa yote, ile haitoki damu tena, na mara nyingi kifafa hukoma. Lakini kisu chaweza kudhuru sehemu njema iliyo jirani. Njia ya tatu ni mionzi, pengine pasipofikika kwa kisu, ila madaktari hawajapatana juu ya faida yake. Dawa ya kuiondoa kavenoma yenyewe bado haijapatikana.

Yangu iko upande wa kushoto, karibu na mahali pa usemi. Mimi nilitaka ipasuliwe upesi, nipumzike na mawazo. Daktari akaniuliza, "Je, ukipona kifafa ukapoteza maneno, utakuwa umepata faida?" Sikuwa na jibu. Tulikubaliana kungoja, vidonge vikishindwa, au damu ikitoka, tutazungumza habari ya kisu. Tangu Februari sijaanguka. Mtihani wa Kidato cha Nne unakaribia, nami nalala mapema wenzangu wanaposoma usiku, kwa kuwa kukosa usingizi huniletea kifafa.

Nina ombi moja. Mkiniona nimeanguka, msinishike kwa nguvu, wala msinitie kijiko mdomoni. Ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu, nilegezeeni ukosi, na mnilaze ubavu. Tazameni saa: ikipita dakika tano, au nikishikwa mara ya pili kabla ya kuzinduka, nipelekeni hospitali mara moja. Nikizinduka, niambieni tu niko wapi. Hayo yanatosha, nami nitashukuru.